Wanafunzi thelathini, kamera moja: Morogoro hadi Dar

Jumatatu, 20 Januari 2025

Barua ya mwaliko imefika leo mchana, na Mkuu akaniita ofisini kwa kuwa mimi ndiye mlezi wa klabu ya TEHAMA. Kongamano la wanafunzi wa sekondari juu ya unyanyasaji wa mtandaoni, Dar es Salaam, Jumanne tarehe 11 Februari. Ndiyo Siku ya Usalama Mtandaoni, iliyoanzia Ulaya mwaka 2004 na sasa huadhimishwa nchi nyingi Jumanne ya wiki ya pili ya Februari. Mkuu hakunisomea barua. Aliuliza tu, "Wangapi, kwa shilingi ngapi, na nani atalala nao?" Nikaomba hadi mwisho wa mwezi.

Lililonikaa kichwani ni swali jingine: nani aende? Shule yetu ni ya bweni na simu ni marufuku, kwa hiyo mtu wa nje atadhani balaa hili halituhusu. Linatokea likizo, halafu linapanda basi pamoja na masanduku na kurudi shuleni Januari. Desemba kuna aliyefungua akaunti ya Instagram kwa picha ya binti wetu wa Kidato cha Tatu. Picha ni yake kweli. Maneno yaliyo chini yake si yake, na ni ya aibu. Siku ya kufungua shule bweni zima lilikuwa limeshaona. Nikimchagua kwenda Dar, kila mtu atajua kwa nini kachaguliwa. Nikimwacha, atabaki na maneno yale huku wenzake wakienda kuyajadili ukumbini.

Jumatano, 22 Januari

Kikao cha walimu. Mwalimu wa nidhamu anataka tupeleke "wahusika": wanaoonewa wakapate nguvu, waonevu wakaisikie sheria. Nia yake njema, ila fikiria orodha hiyo ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila anayepita akisoma jina na kujiuliza huyu ni wa upande gani. Nimepinga mpaka chai ikapoa. Tumekubaliana kwamba yeyote anayetaka, kuanzia Kidato cha Pili hadi cha Nne, atumbukize jina kwenye boksi, wasichana lao na wavulana lao, tutoe kumi na tano kila upande mbele ya shule nzima paredi ya Ijumaa.

Jioni nilimkuta binti yule maktaba akirudisha kitabu cha Baiolojia.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Ukitaka kwenda Dar, weka jina. Usipotaka, hakuna atakayekuuliza, hata mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Jumamosi, 25 Januari

Jana majina yametoka, na lake limo. Wanaotaka kujua kama mkono wangu ulikuwa mwepesi ndani ya boksi wataendelea kutaka kujua.

Leo nimetangulia Dar peke yangu, maana sipeleki watoto mahali ambapo sijakiona choo chake. Wenzangu wengi walitaka basi la kukodi kutoka getini kwetu hadi ukumbini. Ni rahisi kulisimamia na hakuna kubadilisha gari. Lakini mwalimu yeyote anayepanga safari nchi hii anaikumbuka ajali ya basi la shule kule Karatu, tarehe 6 Mei 2017: walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, wakiwa njiani kwenda kufanya mtihani wa majaribio na shule nyingine. Barabara ya Morogoro kwenda Dar naijua, naijua na malori yake. Treni ya umeme ya SGR inafanya kazi tangu Juni mwaka jana, nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000, na treni haina mtu wa kumpita kwenye kona. Nimeamua tutapanda treni, na Coaster iwe ya kuzungukia jijini tu.

Hiyo Coaster ndiyo imekula mchana wangu. Kila mwenye gari niliyempigia nilimwomba namba ya gari kabla ya kuuliza bei. Namba inasema mengi. Ukiwa nayo unaona mtandaoni faini za trafiki ambazo hazijalipwa, na bima unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, huku umekaa zako chini ya mwembe. Gari la kwanza lilikuwa jipya, viti vya ngozi, kiyoyozi, na faini za mwendokasi juu yake. "Hizo ni za dereva aliyepita, Madam," akasema mwenye gari. Inawezekana. La pili limechakaa kidogo pembeni, lakini halidaiwi, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ipo, na mikanda inafunga. Niliifunga mmoja mmoja, kiti kwa kiti, dereva akinitazama kama muuza duka anavyomtazama mteja anayejaribu viatu vyote na mfukoni hana kitu. Ni mtu mzima, utingo wake anamwita Babu. Nikamchukua.

Ukumbi uko Upanga, ghorofa ya kwanza. Milango ya kutokea ni miwili, na mmoja nimeukuta na kufuli. Funguo anazo mlinzi, na mlinzi kaenda kula. Waandaaji wameniandikia kwa barua pepe kwamba siku yenyewe utakuwa wazi. Vyoo vya wasichana viko mwisho wa korido ya nyuma, kwa hiyo hakuna kwenda mmoja mmoja.

Halafu tukaishika ratiba. Kulikuwa na kipengele kinaitwa Sauti za Wanafunzi: kila shule itoe mmoja aliyewahi kuonewa mtandaoni, apande jukwaani asimulie, kamera za televisheni zikiwapo. Nikasema shule yetu haitatoa mtu. Dada wa upande wa waandaaji, mpole sana, akanieleza kwamba ushuhuda unagusa watu. Unagusa, sikatai. Kisha unakatwa unabaki klipu ya nusu dakika, unapandishwa, na wale wale waliomtesa mtoto wanapata mahali papya pa kuandika maoni. Tulivutana kwa adabu mpaka soda ikaisha. Mwishowe wamebadilisha: wanafunzi wa shule zote wataandika kwenye karatasi bila jina wala shule, karatasi zichanganywe, mshereheshaji asome.

Nimerudi Morogoro na treni ya jioni.

Alhamisi, 30 Januari

Wiki ya makaratasi. Barua ya kuomba kibali imekwenda kwa Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa na majina, ratiba, mahali pa kulala na namba za simu. Swali lilikuja moja tu: "Matroni yupo?" Yupo. Watu wazima ni watano: mimi, mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa Kiswahili, matroni, na mama mmoja wa kamati ya wazazi. Kila mmoja ana wanafunzi sita anaowajibika nao kuliko wengine wote.

Fomu ya mzazi nimeiandika upya. Ya zamani ilikuwa na sentensi moja ndefu iliyomeza kila kitu, safari, matibabu na picha, na saini moja chini. Sasa saini ni mbili. Ya kwanza ni ya kusafiri, pamoja na ugonjwa, dawa, na simu za watu wawili wanaopokea. Ya pili ni ya picha peke yake. Aliyeruhusu mwanawe apande treni hajaruhusu sura yake ipande TikTok. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, sasa shule zinajifanya hazijaisikia mpaka lini?

Fomu zimerudi: 21 wameruhusu picha, tisa wamekataa. Mwalimu mwenzangu akapendekeza wale tisa wavae utepe mwekundu ili mpiga picha awaepuke. Nikamwuliza, huo utepe si ndio utawafanya waulizwe siku nzima wanaficha nini? Tumefuta wazo. Kamera itakuwa moja, ya shule, nitaishika mimi, na nitapiga ukumbi, migongo, mikono inayoandika. Hakuna picha itakayotumwa popote kabla hatujarudi, maana picha ya moja kwa moja inamwambia asiyehusika watoto wako wapi saa hiyo.

Kadi za shingoni nazo tulizipunguzia maneno. Mara nyingi huandikwa jina kamili, kidato na shule, na kwa vitu hivyo vitatu mtu akikaa nawe safu moja anakupata Facebook kabla ya chakula cha mchana. Zetu zina jina la kwanza tu mbele. Nyuma kuna simu ya kiongozi wa kikundi na 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.

Wa pumu atabeba inhela yake, na nyingine atakaa nayo matroni. Tuna mmoja mwenye selimundu, na Dar ya Februari ni tanuri, kwa hiyo maji yake yamepigiwa hesabu peke yake. Taulo za kike ziko kwa matroni, kwenye mfuko usio na maandishi. Kila kiongozi wa kikundi ana simu ya kitochi yenye salio, na watoto wameandika namba kwenye karatasi.

Jumamosi, 1 Februari

Kikao cha wazazi, kifupi kuliko nilivyotarajia. Baba mmoja akasimama: "Madam, mimi nataka nimrushe mwanangu status. Ubaya uko wapi?" Nikamwambia amrushe akirudi, na amwulize kwanza mwenyewe. Mama mmoja wa nyuma akacheka: "Wangu alinifokea kwa picha ya kipaimara, mpaka leo naogopa."

Jumatatu, 10 Februari

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshajipanga, kila mtoto na namba yake, wanahesabu kwa sauti. Tulihesabu getini, tukahesabu stesheni ya Kihonda, tukahesabu ndani ya behewa. Kwenye mashine ya ukaguzi kisu cha matroni cha kumenyea machungwa kilizuiwa, naye akakiaga kwa jina. Wavulana walikodolea macho kioo cha mwendo na kushangilia kilipokaribia 160. Baada ya Ngerengere kelele zikaisha. Walikuwa macho tangu saa tisa usiku.

Mvulana mmoja wa Kidato cha Pili alilala kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, ute umeshuka hadi kwenye kola ya shati. Mama wa kamati akampiga picha kwa simu yake. Kwa upendo kabisa, nilimwona uso wake. Akaituma kwenye grupu la wazazi: "Vijana wetu wamechoka." Hatujafika Soga, mzazi mmoja alishaigeuza stika, kaandika juu yake "Nikisikia neno ada". Matroni ndiye aliyenionyesha. Tulipofika Pugu watu walikuwa wanajibizana kwa stika hiyo.

Nilikuwa nimepanga kwa ajili ya tairi, moto, kupotea, kuhara na wapiga picha wa televisheni. Haya yametoka kiti cha pili kutoka kwangu, kwa mama anayempenda mtoto.

Mimi ni admini wa grupu, na admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine kwa wote. Nikafuta picha, nikafuta stika zote. Tatizo ni kwamba stika iliyohifadhiwa hubaki kwenye simu ya aliyeihifadhi, kufuta hakuifikii. Nikaandika: "Wazazi wangu, naomba aliyeihifadhi stika ya mtoto aiondoe. Tunampeleka kujifunza jambo hili hili." Kisha nikamwita mama kando, mlangoni mwa behewa. "Mwalimu, ni utani tu," akasema. "Mtoto mwenyewe hata hajui." Kila mwanafunzi niliyewahi kumwita ofisini kwa kosa la namna hii amenijibu hivyo hivyo.

Mtoto tulimwambia kabla ya kushuka, kwa sababu angeambiwa tu, na wengine.

"Inachekesha?" akauliza.

"Inachekesha."

"Naomba niione."

Akaitazama kwenye simu ya matroni. Akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Baba ameiona?" Baba yake yumo kwenye grupu. Mama wa kamati akainama mpaka usawa wa kiti. "Nisamehe baba, nimekukosea." Mvulana akasema hamna shida, akajifuta kola kwa kiganja, na hakulala tena mpaka Dar. Mama aliizima simu na kumkabidhi matroni bila kuombwa.

Babu alikuwa anatusubiri nje ya stesheni. Hosteli ni ya kanisa moja Ilala, wasichana ghorofa ya juu, wavulana chini, watu wazima ngazini kwa zamu. Feni tatu, mbili zinazunguka.

Jumanne, 11 Februari

Mlango wa pili uko wazi. Niliusukuma mwenyewe kabla watoto hawajakaa.

Asubuhi iliishia kwenye hotuba, ambazo sitaziandika. Ukumbi uliamka alipoingia afande wa Dawati la Jinsia na Watoto. Alisoma kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kijana wa shule nyingine akasimama: "Mimi nina miaka kumi na tano. Naenda jela?" Afande alijibu vizuri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Kesi yake inakwenda Mahakama ya Watoto, ambayo inaweza kumpeleka shule ya maadilisho, na hiyo iko Irambo, Mbeya. "Mbeya baridi!" mtu akapiga kelele, ukumbi ukavunjika mbavu. Lakini walisikia.

Cha maana zaidi kwangu ni alipofundisha ushahidi. Watoto hukimbilia kufuta. Afande akasema usifute: piga skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, nakili na kiungo cha ukurasa, kwa sababu mwenye akaunti akibadilisha jina la kuonekana, kiungo ndicho kitakachosaidia. Halafu ripoti kwenye programu yenyewe, mwambie mtu mzima, nenda kituoni. Afisa ustawi wa jamii akaongeza jambo la picha za utupu: kwa aliye chini ya miaka 18 kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, iliyozinduliwa 2023. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Inatolewa alama yake ya kidijitali tu, na mitandao iliyojiunga, Instagram na TikTok ikiwemo, inaitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Wasichana wetu wawili waliandika jina hilo kwenye kiganja.

Mchana zilisomwa karatasi zisizo na majina. Nyingi zilikuwa za mapenzi yaliyoharibika na skrinishoti zilizosambazwa. Moja iliuliza: "Ukijua aliyekufanyia analala kitanda cha juu yako, unafanyaje?"

Ukumbi ulikuwa na shule nyingi za bweni. Nilitazama watoto wetu: hakuna aliyegeuza shingo kumtafuta mwenye karatasi. Hata mimi sikumtafuta. Afisa ustawi alijibu taratibu. Usimkabili usiku, wala peke yako. Usifungue akaunti yako ya kulipiza, maana hapo mnakuwa wakosaji wawili. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, naye akuhamishe bila kulitangazia bweni sababu. Matroni aliandika kitu kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake.

Mwandishi wa televisheni alitaka kuongea na "mwanafunzi mmoja tu, dakika moja". Nikampa mwalimu wa Kiswahili, ambaye aliongea dakika sita.

Jumatano, 12 Februari

Asubuhi Makumbusho ya Taifa, kumwona Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Yule mvulana wa treni alilitazama muda mrefu, akasema, "Huyu naye walimpiga picha mdomo wazi." Wenzake wakaanguka kwa kicheko, naye akacheka kuliko wote.

Treni ya mchana. Tumehesabu Stesheni, tumehesabu Kihonda, tumehesabu getini. Thelathini.

Alhamisi, 13 Februari

Picha kumi na moja nimezituma kwenye grupu la wazazi, migongo mitupu. Baba wa status ameandika kwamba wa kwake amemtambua kwa masikio.

Matroni amehamisha vitanda vya bweni zima la wasichana leo mchana, kila mmoja mahali papya. Sababu aliyotangaza ni dawa ya kunguni. Bweni letu halijawahi kuwa na kunguni.

Marejesho ya masurufu nimeyapeleka kwa mhasibu, risiti ya Babu ikiwa imeandikwa kwa penseli, na mhasibu kanitazama kwa jicho baya. Mkuu amesoma ripoti yangu amesimama. Hakusema kitu juu ya kongamano. Ameuliza kama ile fomu ya saini mbili inaweza kutumika safari ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nami nikamwambia atakuwa nayo Jumatatu, na nitaongeza mstari wa stika.